Siku ya Kuadhimisha Kutekwa kwa Ngome ya Maji Matamu

(Hotuba iliyotolewa mjini La Paz, Jumapili ya kwanza ya Februari 1933, vita vya Chaco kati ya Bolivia na Paraguay vikiendelea na Kanivali ikibisha hodi. Msemaji ni don Hipólito Villafuerte, Mkurugenzi Mkuu wa Uratibu wa Habari za Ushindi. Karani wa kuandika hotuba amenukuu na kelele za watu katika mabano, kadiri alivyoweza, maana naye alikuwa na kikombe mkononi.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa Waziri, ambaye mwenyewe angefika lau si mafua. Mheshimiwa Naibu wa Mwakilishi huyohuyo, endapo mafua yatamfikia. Baba Kanoni, uliyetubariki kwa maji na baadaye ukakubali kubarikiwa na chicha, pombe yetu ya mahindi. Kanali Urquidi, fahari ya jeshi letu, uliyekaa hapa nyuma yangu na medali zako zote. Don Wenceslao Ibargüen, mhariri wa gazeti letu tukufu la Baragumu la Illimani. Mabibi wa Chama cha Kufuma Soksi za Sufu kwa Ajili ya Vijana Wetu Walioko kwenye Joto Kali. Akina mama wa sokoni na kofia zenu zilizonyooka. Waheshimiwa ambao hamkualikwa ila mmefuata harufu ya matangi. Na wewe bwana uliyepanda nguzo ya taa, shuka, utaumia, lakini nawe nimekutambua. Itifaki yote imezingatiwa, na iliyobaki itazingatiwa katika mwaka ujao wa bajeti. (Makofi. Bwana wa kwenye nguzo hashuki.)

Ndugu wananchi, tumekusanyika katika uwanja huu kwa madhumuni ya kuadhimisha, kusherehekea, kutafakari na kuingiza katika kumbukumbu za taifa tukio adhimu la vijana wetu kuiteka Ngome ya Maji Matamu, tukio ambalo Baragumu la Illimani lililitangaza kwa herufi kubwa mno, hata mpiga chapa wetu akaishiwa na herufi M na ikabidi akaazime nyingine kwenye kibao cha duka la mishumaa, ambalo mpaka leo linauza kitu kinachoitwa ishumaa, na mwenye duka hajalalamika, kwa sababu nimemkataza. (Vicheko. Sauti: «Rudisha herufi ya watu, don Hipólito!») Itarudishwa, bwana, amani ikipatikana!

Nianze na suala la kimsingi, maana wapo wachochezi wanaopita vichochoroni wakinong'ona kwamba vita hivi ni vya mafuta. Nimelikanusha jambo hili kwa mdomo, kwa maandishi na kwa picha ya kuchora. Hatupigani kwa ajili ya mafuta hata kidogo. Tunapigania heshima yetu, ambayo kwa bahati tu imekaa chini ya ardhi, ni nyeusi, na ukiitia kiberiti inawaka. (Vicheko vikubwa. Sauti: «Na Waparaguay wanapigania nini?») Hao wanapigania mafuta, bwana. Wana tamaa sana watu wale.

Na kwa kuwa heshima hiyo sasa iko mikononi mwetu, ninatangaza rasmi mbele ya Kanali na Kanoni kwamba Mpango Kabambe wa Kusambaza Heshima Majumbani utaanza mara moja baada ya upembuzi yakinifu, ambapo kila nyumba, kuanzia mabondeni hadi kule juu El Alto, itafungiwa mabomba mawili ya mafuta ya taa, moja la moto na jingine la baridi. (Shangwe. Kofia zinarushwa. Mama mmoja: «La moto la nini, baba?») La kupasha la baridi, mama. Wataalamu wamekwisha kulifikiria hilo. Jamani, jazeni vikombe kwanza, msione haya, koki za matangi ziko wazi, ndiyo kazi ya serikali! (Watu wanasukumana kwenye malori matatu ya matangi yaliyoegeshwa ubavuni mwa jukwaa, ambayo koki zake zinatoa chicha ya mahindi tangu misa ya asubuhi. Kila mmoja anamwagia ardhi kidogo kwanza, Pachamama, mama wa ardhi, anywe, kisha anakunywa mwenyewe nyingi.)

Sasa naomba nieleze mafanikio ya Ofisi yangu, kwa unyenyekevu ambao wengi mmeusifu. Tangu nikabidhiwe sekta hii nyeti, habari za ushindi zimeongezeka kwa asilimia mia tatu na kumi, wakati ushindi wenyewe, ambao uko chini ya idara nyingine, umebaki palepale. (Makofi. Kanali anakohoa.) Ndege za adui tulizozitungua katika ukurasa wa kwanza peke yake ni nyingi kuliko alizowahi kununua, jambo linaloonyesha jinsi adui huyu asivyo na mipango. Aidha, tumesafisha lugha. Kabla yangu, gazeti liliandika ovyo kwamba kikosi fulani kimerudi nyuma, maneno ya kuvunja watu moyo! Siku hizi kikosi chetu hakirudi nyuma kamwe, bali kinasonga mbele kuelekea magharibi, na kikizidi kusonga hivyo tutakiona hapa uwanjani kabla ya Pasaka. Neno njaa tumelipa likizo. Neno kiu ndilo lilitusumbua, ndugu zangu, maana lilikuwa linajitokeza katika kila simu ya maandishi kutoka mstari wa mbele, kiu, kiu, kiu, mpaka don Wenceslao akaja na ubunifu wa hali ya juu, tukawa tunaandika hamu ya kinywaji. (Don Wenceslao anainuka, anainama kwa heshima, anakaa pasipo na kiti. Vicheko.)

(Sauti ya mwanamke kutoka mbele: «Don Hipólito! Huyo Zenón wangu yuko wapi?»)

Mama mpendwa, maswali yatachukuliwa mwishoni, kama muda utaruhusu, na hautaruhusu.

(Mwanamke: «Mie sina swali, mie nina mtoto.» Ni doña Saturnina Condori, anayeuza viazi vikavu kule sokoni, watu wanamfahamu, wanampisha. «Zenón Condori. Yumo kwenye kikosi hichohicho mnachosema kimeteka ngome. Mtoto wa jirani yangu karudi hana mguu, ananiambia kule vijana wanaamka alfajiri kulamba umande kwenye majani, na umande ukiisha wanakunywa wanachokunywa, sitaki kukisema mbele ya Baba Kanoni. Nataka kujua kitu kimoja tu. Maji wanapata wapi?»)

Swali zuri sana! Swali la kizalendo! Wananchi, mpigieni makofi doña Saturnina. (Makofi. Doña Saturnina hapigi.) Mama, jibu lake lipo ukurasa wa kwanza, safu ya pili. Wanapata katika kisima cha Ngome ya Maji Matamu, kisima chenye kina kirefu, maji baridi kama ya theluji ya mlima Illimani, kamba mpya, na ndoo iliyopakwa rangi ya kijani.

(Doña Saturnina: «Umeyaonja?»)

Nimeyahariri, mama.

(Vicheko. Bwana wa kwenye nguzo nusura aanguke. Doña Saturnina anafungua gazeti alilofungia viazi, analinyanyua juu. «Basi na hii picha nieleze. Vijana sita wanakunywa maji kisimani. Huyu wa kwanza ni Fausto wa zimamoto. Ijumaa kaja kwenye meza yangu, kaomba nimpunguzie bei!» Sauti: «Kweli! Fausto huyo! Tena yupo hapa!» Fausto anajificha nyuma ya mkewe.)

Mama, hiyo kitaalamu inaitwa picha wakilishi. Fausto amewakilisha. Je, ni haki kumdai askari aliyeko vitani apigwe picha, ilhali ana kazi ya kufanya, wakati tunao zimamoto wenye afya, mashavu yaliyojaa na muda wa kutosha? Kumpiga picha askari wetu yule halisi, namna alivyo kwa sasa, mimi kama mzazi sikuona kuwa ni ubinadamu. (Makofi ya hapa na pale.)

Turudi kwenye furaha! Ngome ya Maji Matamu, ndugu zangu, imetekwa kwa ushujaa, kwa mkakati, kwa weledi… (Sauti: «Aishi Kanali Urquidi!» Umati: «Aishi! Kanali! Kanali!» Kanali anainuka nusu, haelewi afanye nini na mikono yake.)

Kaa, Kanali. Asanteni. Kaa tu. Kama nilivyokuwa nasema, kwa weledi wa Ofisi… (Umati: «Kanali azungumze! Kanali! Mteka ngome!» Akina mama wawili wanamrushia maua na karatasi za rangi. Kanali: «Jamani, mimi kwa kweli sikuwa…» Hasikiki.)

Basi! Basi, jamani, mbona mnanionea? Nimevumilia wiki nzima. Kila mtaa, Kanali. Kwenye tramu, Kanali. Mke wangu mwenyewe, niliyemwoa kanisani, jana mezani ananiambia, Hipólito, na wewe ungefanya kitu kama Kanali. Mimi! Haya, ngoja niwaulize, na chicha hii nzuri ndiyo inayouliza, si mimi. Siku ile ngome ilipotekwa, Kanali alikuwa wapi? Mwulizeni. Alikuwa hapahapa La Paz, mtaa wa pili kutoka hapa, anang'olewa jino! (Mshangao. Kanali, kwa sauti ya chini: «Mawili.») Meno mawili! Mnamsikia? Kwa hiyo ngome haikutekwa na Kanali. Wala haikutekwa na Jenerali, wala na kikosi, wala na kijana yeyote aliyebeba bunduki. Ngome ile niliiteka mimi, Hipólito Villafuerte, pamoja na don Wenceslao, kwa miguu yetu, siku ya Alasitas!

(Alasitas ni sikukuu ya mji huu, ya kununua vitu vidogovidogo vya kuombea baraka. Vicheko. Sauti: «Tusimulie, don Hipólito!»)

Nawasimulia! Ilikuwa tarehe ishirini na nne ya mwezi uliopita. Don Wenceslao anaingia ofisini kwangu hana damu usoni. Ukurasa wa kwanza mtupu. Simu za mstari wa mbele zimekuja rundo, lakini hakuna hata moja ya kuonyesha watu. Ukitoa maneno tuliyoyapa likizo, inabaki tarehe na sahihi. Nikamwambia, ndugu yangu, leo ni Alasitas, twende tukatembee, akili itafunguka. Tukaenda. Nami kama ninyi nyote nikanunua vitu vyangu vidogo, kinyumba changu cha ghorofa, kisanduku cha safari, kigunia cha sukari. Mwaka jana nilinunua kicheti kidogo cha Mkurugenzi, na leo mnaniona. (Makofi ya dhati. Sauti: «Mimi nilipata punda!») Umeona? Basi karibu na mama mmoja muuza vijogoo, nikaona wanauza vile vigazeti vidogo vya sikukuu, vya kuenea kiganjani, vile vya utani. Nikanunua kimoja. Habari ya kwanza: nyumbu wa Askofu kafunga ndoa. Habari ya pili: mkate umeshuka bei. (Vicheko.) Na pale chini pembeni, penye nafasi ya kutosha stempu, nikasoma kwa shida, maana miwani nilikuwa nimeikalia: Vijana wetu wateka Ngome ya Maji Matamu, wapata kisima, wamekunywa, wameoga, wamefua na soksi.

Nikauliza, don Wenceslao, hii ni habari? Akasema, huu ni utani, don Hipólito, wameiweka baina ya nyumbu na mkate. Nikamwambia, saa ngapi sasa? Akatazama, saa sita kasoro kidogo. Ndugu wananchi, hapo ndipo lilipokuja wazo ambalo historia italiandika. Tukakimbia! Mimi na tumbo hili, don Wenceslao na baridi yabisi yake, tukapenya katikati ya watu mpaka kwa mzee wa kufukiza, tukakiweka kigazeti chetu kwenye moshi, akakinyunyizia divai na maua, na kengele za kanisa zikagonga saa sita wakati moshi umekishika sawasawa. Sasa niambieni ninyi, watu wa La Paz, mliozaliwa mkiijua kazi hii. Kitu kidogo kilichofukizwa saa sita kamili ya Alasitas kinakuwaje? (Umati wote: «Kinakuwa kikubwa!») Sikusikia! (Umati: «Kikubwa!») Na asubuhi yake kikawa kikubwa! Kurasa nane! Rangi mbili! Na picha! (Shangwe. Watu wanacheza. Baba Kanoni anajifuta machozi, haijulikani ya kitu gani.)

(Doña Saturnina: «Don Hipólito. Kwa hiyo hiyo ngome haipo.»)

Mama, usiwe na haraka. Ngome iko kwenye mchakato. Alasitas inatoa kwa mwaka mzima, tunayo nafasi mpaka Januari.

(Doña Saturnina: «Na kisima hakipo.»)

Kisima ni sehemu ya ngome, mama, vinakuja pamoja.

(Doña Saturnina: «Basi mbona hujanijibu? Maji wanapata wapi?» Hapazi sauti. Waliokuwa wakicheza karibu naye wanaacha. Nyuma bado wanaimba.)

Mheshimiwa mama, muda wetu umekwisha, na nyuso za njaa naziona, kwa hiyo niingie moja kwa moja kwenye hitimisho. Wananchi, itikieni baada yangu. Kalamu mbele! (Wachache: «Mbele!») Bunduki nyuma ya kalamu! («Nyuma!») Heshima yetu, moto na baridi! («Moto na baridi!») Maji Matamu ni yetu! (Sauti mbili tatu: «Ni yetu…»)

Na sasa shukrani, maana mtu asiyeshukuru hapewi cheo kingine. Namshukuru mtani asiyejulikana wa kigazeti cha Alasitas, ambaye alipungukiwa na maneno ya kujazia pembe ya ukurasa akatunga jina la ngome. Namshukuru mwenye tanuri la matofali wa njia ya Viacha, aliyetuachia shimo lake la udongo likapigwa picha kama kisima, na Fausto na wenzake walioingia humo na viatu vyao. Namshukuru Kanali kwa meno yake. Lakini shukrani yangu kubwa kuliko zote, na hapa naomba msimame wote, inakwenda kwa wakuu wa ugavi wa jeshi letu, watu ambao wanaamka asubuhi na kitu cha kwanza wanachosoma, kabla ya ramani, kabla ya simu za mstari wa mbele, ni Baragumu la Illimani. Mnaona tulipofika? Zamani gazeti lilingoja jeshi. Sasa jeshi linangoja gazeti!

Kwani wakuu hao, walipokisoma kisima chetu ukurasa wa kwanza, safu ya pili, kina kirefu, kamba mpya, wakakaa kikao wakaamua, kwa busara na kwa kubana matumizi, kwamba haiwezekani kupeleka maji mahali penye maji. Na yale malori matatu mapya yaliyokuwa yamesimama stesheni yamejazwa maji pomoni, yanangoja mabehewa ya kuyapeleka Chaco kwa kile kikosi cha Ngome ya Maji Matamu, wakayarudisha. Wakatupa sisi, Ofisi yangu, tuyatumie kwa shughuli za kitaifa. Maji tukayamwaga pale relini, yakatiririka vizuri sana hadi mtoni, tukayasuuza matangi, tukayajaza kitu chenye maana zaidi. Ndiyo haya! Haya hapa mnayoyanywea! Wapigieni makofi wakuu wa ugavi!

(Vikombe vinashushwa kutoka midomoni. Mtu mmoja anamwaga chake chini, polepole, wala si kwa ajili ya Pachamama. Baba Kanoni ameketi.)

Makofi, jamani. Hapa kwenye karatasi yangu pameandikwa makofi.

(Doña Saturnina anakwenda kwenye lori la kwanza anafunga koki. Anakwenda la pili, anafunga. La tatu watu wamekwisha kulifunga wenyewe. Anamgongea dereva kwenye mlango: «Mwanangu, umekaa hapa tangu lini?» Dereva, amevua kofia: «Wiki ya pili hii, mama. Tuliambiwa hawahitaji tena.» Doña Saturnina anashika kitasa cha mlango, anaufungua. Kisha anapanda, anakaa, anaweka mzigo wake wa viazi magotini. «Mwaga hiyo pombe. Tukajaze maji. Kama wewe hujui njia ya kushuka Chaco, tutauliza.» Akina mama wa sokoni wanapanda malori mengine mawili, kofia na mizigo yao. Kanali Urquidi anashuka jukwaani bila kuaga, anaingia lori la tatu, anafunga mlango.)

Mama! Doña Saturnina! Hayo ni mali ya Ofisi! Kuna utaratibu! Kuna barua ya maombi, kuna kamati inakaa Alhamisi! Dereva, zima! Nasema zima gari! Jamani wananchi, wazuieni, hili jukwaa lote limefungwa kwa kamba kwenye lile lori la…

(Kishindo cha mbao. Makofi.)